Mcheza kwao hutunzwa, lakini achezee wapi?

Neno "opera" likitajwa mbele ya wakazi wa Dar es Salaam, wengi hufikiria majumba yenye mazulia mekundu, mabwana waliovaa tai nyeusi na waimbaji wanaopaza sauti kwa lugha isiyofahamika. Hapo hapo watu husema kwamba hilo ni jambo la Wazungu, na kwamba halina uhusiano wowote na Temeke wala Kinondoni. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Opera ya Kitaliano haijapata kuwa burudani ya mkazi wa Tandika. Lakini mkazi huyo anajua vyema maana ya kutoka jioni pamoja na jamaa zake, akalipa kiingilio, akaketi mbele ya jukwaa, na kisa cha maisha kikasimuliwa kwa wimbo, ngoma, maungo na maneno. Jambo hilo limefanyika katika vitongoji vya jiji hili kwa miaka mingi, na lilifanywa na wananchi wenyewe. Ila lilifanyika katika nyumba za kupanga, na mwenye nyumba alikuwa muuza bia.

Yafaa kwanza ikumbukwe opera yenyewe ilikotoka. Ilizaliwa Italia, karibu na mwaka 1600, ndani ya majumba ya wakuu wa mji wa Florence. Aliyeiona ni yule tu aliyealikwa. Mwaka 1637 ukumbi mmoja katika mji wa Venice, ulioitwa San Cassiano, ulifungua mlango wake kwa kila mtu aliyeweza kulipa kiingilio, na tangu siku hiyo opera ikaanza kuwa mali ya mji. Hata jumba la opera la London lilikuwa jirani na soko la mboga na matunda la Covent Garden, hadi soko hilo lilipohamishwa mwaka 1974. Kwa hiyo anayedhani kwamba sanaa ya jukwaani ni lazima ikae mbali na mikokoteni ya viazi na kelele za wachuuzi hajaisoma historia ya hao anaowaiga.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilipita njia kama hiyo. Katika utawala wa Sultani Barghash wa Zanzibar, kati ya mwaka 1870 na 1888, Mohamed Ibrahim alipelekwa Cairo kujifunza muziki, na taarab ikapigwa kwanza katika jumba la mfalme kwa ajili ya mfalme na wageni wake. Mwaka 1905 ikaundwa Akhwani Safaa, na muziki ukatoka nje ya kasri. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka shamba, binti wa watu wa kawaida, akaiimba taarab kwa Kiswahili na kuipeleka Ng'ambo kwa wanyonge. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Katika miaka ya 1930 Dar es Salaam nayo ilikuwa na vyama vyake, Egyptian Musical Club na Al-Watan, na majina hayo yenyewe yanaonyesha upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi. Florence na Venice, Unguja na Ng'ambo: katika kila mahali sanaa ilipata nguvu ulipofunguliwa mlango kwa watu wengi.

Baada ya Uhuru, Taifa lilitambua jambo hilo. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara iliyohusika na utamaduni wa Taifa na vijana. Likaundwa kundi la Taifa la ngoma. Vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, akajulikana nchi nzima, kwa kuwa midundo ya ngoma zake ilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 likafuata kundi la Taifa la michezo ya kuigiza. Lakini makundi hayo hayakudumu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa yamevunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Chuo ni jambo jema, maana hufundisha. Lakini Bagamoyo ni mbali na Mbagala, na mwenye njaa ya kutazama mchezo Jumapili jioni hashibishwi na habari kwamba wanafunzi wanafundishwa vizuri mahali fulani.

Pengo hilo lilizibwa na vitongoji vyenyewe. Mashirika ya umma na viwanda vilikuwa na vikundi vyao; Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam lilikuwa na DDC Kibisa, na Bima ilikuwa na wasanii wake. Kando ya hao vikaibuka vikundi vya watu binafsi, kikiwamo Muungano Cultural Troupe cha Norbert Chenga, kilichoanza mapema katika miaka ya 1980. Vikundi hivyo vilizunguka kutoka baa hadi baa na ukumbi hadi ukumbi, Temeke siku hii, Magomeni siku ile, Kinondoni mwishoni mwa juma.

Anayetaka kujua usiku wa namna hiyo ulikuwaje hana haja ya kubuni, kwa sababu maelfu ya walioushuhudia bado wako hai. Ulianza na ngoma za makabila mbalimbali, na aliyetoka Songea akamshangilia mchezaji wa ngoma ya Kizaramo kama vile ni ya kwao. Zikafuata sarakasi, na watoto wakashika vichwa. Kikafuata kichekesho, ambamo mjinga wa kuja mjini alimshinda akili mjanja wa mjini. Halafu likaja igizo lenyewe, la muda mrefu, lenye visa vya mama wa kambo na mume mlevi, binti aliyerubuniwa na tajiri, au mganga aliyegombanisha ndugu. Watazamaji hawakukaa kimya. Walimwonya aliyedanganywa, walimzomea mwovu, na akina mama walinyanyuka vitini kutoa hukumu kabla ya hakimu wa jukwaani. Mwisho ilipigwa taarab, na hapo watu walipanga mstari kwenda kumtunza mwimbaji, kila mmoja akiwa na noti yake mkononi na jirani yake moyoni, kwa maana wimbo wa mafumbo humfikia anayeutuma na anayetumiwa.

Sasa na ahesabiwe mtazamaji huyo alipata nini kwa kiingilio kimoja: muziki, uimbaji, uchezaji, mavazi, mchezo wa kuigiza na funzo. Huko Ulaya mkusanyiko wa mambo hayo chini ya paa moja huitwa opera na hutengewa fedha za umma. Hapa uliitwa burudani ya uswahilini. Hiyo ndiyo kasumba. Msomi aliyejua majina ya watunzi wa Vienna hakujua jina la mwigizaji aliyewaliza watu mia tano juzi Mtoni, umbali wa safari moja ya basi kutoka alikolala.

Tena uigizaji ule ulikuwa wa ufundi mkubwa. Aghalabu hapakuwa na mchezo ulioandikwa. Kiongozi wa kikundi aliwaeleza wenzake kisa, wakagawana nafasi, wakajizoeza, na kila mwigizaji akatunga maneno yake na kuyarekebisha kila siku kwa kadiri watazamaji walivyoyapokea. Kazi hiyo hudai kumbukumbu, wepesi wa ulimi na ujuzi wa watu. Lakini imeacha hasara isiyofidika. Nyimbo nyingi za miaka ile zilirekodiwa na Radio Tanzania na bado zipo. Maigizo ya jukwaani, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa wala kurekodiwa. Yaliyotungwa Kinondoni na Temeke katika miaka ile yamekwenda na pumzi za waliyoyasema. Mwanafunzi wa leo anaweza kuisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, na ni haki yake kuisoma. Kile kilichochezwa mbele ya bibi yake huko Temeke hawezi kukisoma popote.

Mwaka 1992, nchi ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, Chama Cha Mapinduzi kilianzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Ushindani kati ya TOT na Muungano ukawa gumzo la jiji. Khadija Kopa akiwa upande huu na Nasma Khamis Kidogo upande ule, mashabiki walijaa kumbi kama wanaokwenda kuangalia Simba na Yanga. Ushindani ule uliinua viwango, ukawapa wanawake waimbaji umaarufu wa nchi nzima, na ukaonyesha kwamba watu wa vitongoji wako tayari kulipia sanaa iliyo nzuri. Si kosa chama cha siasa kuwa na kikundi cha utamaduni. Lakini sanaa ya nchi nzima haiwezi kuegemea msimu wa uchaguzi, na msanii aliyezoea jukwaa la mkutano wa hadhara hujikuta hana pa kusimama kampeni zinapokwisha. Kikundi kinahitaji mahali pake pa kudumu, pasipokuwa na rangi ya bendera yoyote.

Wako wanaosema kwamba maigizo ya jukwaani yaliuawa na televisheni. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo, watu walipata mchezo bila kutoka nyumbani, na mwishoni mwa muongo ule vikundi kama Kaole vikawa mabingwa wa tamthilia za televisheni. Baadaye zikaja filamu, na wachekeshaji waliokulia jukwaani, kama hayati Amri Athumani, King Majuto, wakaingia katika kila sebule. Lakini hoja hiyo haielezi kila kitu. London ina televisheni nyingi na majumba yake ya michezo yanajaa. Televisheni haikuua taarab pia. Jahazi Modern Taarab ilianzishwa mwaka 2006, katika zama za runinga na video, na watu waliifuata Magomeni kwa wingi. Igizo lilianguka kwa sababu lilikuwa mpangaji dhaifu kuliko wote.

Mwenye baa hana kosa. Yeye hufanya biashara, na biashara yake ni vinywaji. Muziki wa dansi huuza bia, kwa sababu watu hucheza, huona kiu na kununua. Taarab huuza kwa namna yake, maana kutunza kunaleta pesa. Igizo humtaka mtu atulie asikilize kwa saa nzima, na mtu anayesikiliza haagizi. Kwa hesabu ya kaunta, igizo ni hasara. Basi likasogezwa, likafupishwa, likawekwa saa za alasiri, na mwishowe likaondolewa. Hakuna aliyelikataza. Lilikosa tu mtu wa kulitetea mbele ya kaunta.

Watu wengine walifungiwa mlango hata kabla ya igizo kufa. Mama mcha Mungu wa Tandika, ambaye haingii mahali panapouzwa pombe, hakuliona. Mzazi aliyesita kumpeleka binti yake wa miaka kumi na miwili mahali penye walevi hakumpeleka. Na msanii wa kike, aliyefanya kazi ya heshima jukwaani, alirudi mtaani akiwa amebeba jina baya la mahali alipofanyia kazi. Ni wazazi wangapi waliwazuia watoto wenye vipaji kwa sababu hiyo? Sanaa ililipa deni la nyumba isiyokuwa yake.

Hapo ndipo linapokuja suala la majumba. Katika miaka ya 1950 lilijengwa jengo la Arnautoglu, Mnazi Mmoja, likatumiwa na wananchi kwa dansi, mikutano na mafunzo. Huko Oysterbay, ambako ni eneo la Kinondoni hiyo hiyo, Waingereza walijijengea jumba lao dogo la maigizo, Little Theatre, lenye jukwaa na viti, ili wacheze michezo yao kwa lugha yao. Waliokuwa wachache kiasi kile waliona kwamba hawawezi kuishi bila ukumbi wa maigizo. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090 katika sensa ya mwaka 1978. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wa hao walioongezeka wanaishi pembezoni, Mbagala, Chamazi, Mbezi, Bunju na Gongo la Mboto. Kumbi zilizoongezeka pamoja nao ni za harusi na za bia. Langata, Vijana na Mango Garden za Kinondoni zimeandika historia ya muziki wa dansi, wala hakuna anayezidharau. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyojengwa kwanza kwa ajili ya mwigizaji.

Zipo hoja za kupinga, nazo zinastahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba nchi maskini haiwezi kujenga majumba ya michezo wakati zahanati hazina dawa. Hoja hiyo ni nzito, ila haitumiki kwa haki. Mwaka 2007 ulifunguliwa Temeke uwanja mkubwa wa mpira, ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000. Wananchi waliufurahia, nao walikuwa na haki, kwa kuwa mpira ni furaha ya wengi. Hakuna aliyesema mpira usubiri dawa. Kwa nini basi sanaa peke yake ndiyo iambiwe ikae foleni hadi mgonjwa wa mwisho atakapopona? Na ukumbi wa watu 500 haugharimu hata sehemu ndogo ya uwanja.

Hoja ya pili husema soko litaamua. Kama watu wanataka maigizo, mfanyabiashara atajenga. Soko limekwisha kuamua, nalo limeamua kujenga baa. Hata huko kwenye utajiri, majumba ya opera hayakuachiwa soko. Jumba la Sydney, Australia, lililofunguliwa mwaka 1973, lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za bahati nasibu, yaani vijisenti vya watu wa kawaida. Jumba la Cairo, lililojengwa mwaka 1869, liliteketea kwa moto mwaka 1971, na Wamisri wakafungua jingine mwaka 1988 kwa msaada wa Japani. Kila mji ulitafuta njia yake, lakini hakuna uliosubiri muuza vinywaji aone huruma.

Hoja ya tatu ni kwamba majengo ya umma huharibika, hugeuka maghala na maskani ya popo. Hilo limetokea, na si mara moja. Dawa yake ni jengo lisilolala. Ukumbi wa manispaa uliopangwa vizuri utatumika asubuhi kwa mitihani na mikutano ya kata, alasiri kwa mazoezi ya vikundi na kwaya, Jumamosi kwa harusi zitakazolipa umeme na walinzi, na siku mbili za juma utakuwa wa maonyesho, bila kupangishwa kwa jambo lingine lolote. Siku hizo mbili ziandikwe katika sheria ndogo za halmashauri, zisiachwe kwenye hisani ya msimamizi.

Kwa hiyo Manispaa za Temeke na Kinondoni hazina budi kuanza na ukumbi mmoja mmoja, wa kadiri, wenye jukwaa, chumba cha kubadilishia nguo, vyoo safi na viti imara. Kiingilio kiwe kile anachoweza kukilipa mama lishe aliye na watoto wawili. Pombe isiuzwe ndani. Onyesho lianze saa kumi na mbili jioni na kwisha kabla ya saa tatu na nusu, ili mtazamaji wa Yombo au Kigogo awahi daladala. Jambo hili la usafiri si dogo. Mtu akilazimika kukodi gari kurudi nyumbani, kiingilio cha shilingi chache kimekuwa cha shilingi nyingi, na hatarudi tena. Mapato ya mlangoni yagawanywe kwa mkataba ulioandikwa, msanii akijua kabla hajapaka rangi usoni kwamba fungu lake ni lipi. Na kila igizo jipya lirekodiwe, nakala moja ibaki kwa kikundi na nyingine ipelekwe Bagamoyo, ili kosa la miaka iliyopita lisirudiwe.

Kazi hiyo haimhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Watunzi wapo na waigizaji wapo; asubuhi wanauza nguo Karume, jioni wanafanyia mazoezi chini ya mwembe au nyuma ya shule ya msingi. Watazamaji nao wapo, na wamekwisha kuthibitisha kwa miongo minne kwamba wako tayari kulipa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Watu wa Temeke na Kinondoni wametunza kwa noti zao chakavu, mmoja mmoja, usiku baada ya usiku. Madiwani wao watakapokaa kupitisha bajeti ijayo, nao wana nafasi ya kutunza. Waanze na kiwanja.